Kiti cha Bosi

Mjukuu wangu wa miaka sita tunamwita Bosi, maana akikunja uso nyumba nzima inasimama. Ana mtindio wa ubongo. Miguu yake imekakamaa na hupishana kama mkasi. Ana kifafa pia, anatumia dawa, na uji mwepesi humpalia. Lakini kichwani ni moto wa kuotea mbali.

Mwalimu mkuu alikubali kumpokea shule ikifunguliwa, mradi apate kiti cha kumshika vizuri. Nikamwita fundi seremala, mwenzangu wa kuzurura tangu ujana. Mtu yule mdomo wake hufungwa akilala tu.

"Shikamoo, Bosi!" akamwamkia mtoto, kofia mkononi. "Nimekuja kuomba kazi. Nina uzoefu mkubwa wa kula."

Bosi akacheka mpaka akanyooka kama ubao. Fundi akapima, akaongeza utani, akapima tena.

Kiti kilikuja kinang'aa. Tukamkalisha mbele ya meza. Akateleza, akateleza, kidevu kikafika mezani.

"Hiki umemtengenezea twiga?" binti yangu, mama yake Bosi, akauliza, machozi yakimlengalenga. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

"Nilimpima mwenyewe!" fundi akaapa.

"Ulimpima akicheka, baba mdogo. Akicheka mwili wote unakaza, anarefuka. Mpime ametulia."

Kumbe kazi ilikuwa kumnyamazisha fundi. Nikamwambia ajaze maji mdomoni. Binti yangu akampinda mtoto nyonga na magoti taratibu, kama alivyofundishwa kliniki, mpaka misuli ikalegea. Fundi akainama na futi yake, mashavu yamevimba. Bosi akamkodolea macho.

"Chura!" akasema.

Maji yote yakanirukia mimi. Tukacheka, na mtoto naye akakaza tena, ubao mtupu.

"Toka nje, baba mdogo," binti yangu akasema.

Basi nikapima mimi, fundi akiuliza dirishani: "Nyonga? Paja? Mgongo? Wewe mzee, usinipe vipimo vya jeneza!"

"Na darasani wenzake wakimchekesha?" nikauliza.

Fundi akanyamaza, safari hii kwa hiari yake. Akaenda, akakiunda upya: kikalio kimeinuka mbele ili nyonga zibaki zimekunjwa, kigogo chenye sponji cha kutenganisha magoti, na mkanda unaofunguka kwa mvuto mmoja, ili kifafa kikimshika alazwe kwa ubavu upesi.

Jumatatu tukambeba mpaka darasani. Watoto wakajazana. Mmoja akapiga chafya kubwa mpaka kalamu ikamtoka mkononi, na Bosi akaangua kicheko. Mwili ukakaza, mbao zikalia. Binti yangu akaruka kumdaka.

Hakuteleza hata kidogo. Alicheka akiwa amekaa, kama watu wote.

"Mama, sasa unaweza kwenda nyumbani," mwalimu akasema.

Binti yangu akabaki mlangoni, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Ilibidi tumvute, mimi huku, fundi huku.