Mkwe Wangu Alikataa Kuweka Saini

Ninyi mlio na watoto kwenye kampuni za kompyuta hapa Seattle, naomba mnisikilize. Mimi ni mpishi wa shule tu, lakini hili nililiona kwa macho yangu.

Mwanangu Rolf alikuwa na hisa za kampuni anayofanyia kazi, kama wenzake wote. Serikali ikaishtaki kampuni hiyo kwamba inazibana kampuni ndogo zisipate soko. Hisa zikashuka. Kazini kwao, badala ya kuogopa, wakashangilia: bei imeshuka, tununue! Zikavuma habari kwamba Jumatatu watapatana na serikali, na hisa zitapaa.

Jumapili alikuja kwangu kula nyama ya kuoka, yeye na mkewe Maureen, ambaye alikuwa mjamzito. Kabla sijakata nyama, Rolf akatoa karatasi za benki.

"Tunaweka nyumba rehani. Kesho nanunua hisa zaidi kabla hawajatangaza mapatano."

"Mwanangu, na wasipopatana? Jaji akiamua vingine?"

"Mama, haya si mapishi ya shule."

"Supu ya shule haijawahi kumfukuza mtu kwake," Maureen akadakia.

Kwetu huku nyumba ya mke na mume haiwekwi rehani bila saini za wote wawili. Rolf akamsogezea kalamu. "Mpenzi, tukikosa hii tutajuta."

"Juta wewe. Mshahara wako unatoka kwao, akiba yako ni hisa zao. Sasa unataka na kitanda cha mtoto kiwe chao? Sitii saini."

"Mwoga we!"

"Ndiyo, mwoga mwenye nyumba. Mama, nipe viazi."

Rolf alinuna, nyama hakuigusa.

Jumatatu mapatano yakavunjika, kesi ikabaki mikononi mwa jaji, na hisa zikaporomoka. Jirani yao Gundersen na mkewe walikuwa wameshatia saini, wakaweka nyumba yao rehani kununua hisa zilezile. Mwaka haukuisha, benki ikauza nyumba yao.

Lakini Jumapili ya wiki ileile hisa zilipoporomoka, Rolf ndiye aliyekata nyama kwangu. Kile kipande cha pembeni kilichokaukiana, anachokigombania tangu utotoni, akakiweka kwenye sahani ya Maureen. "Kula, mwoga wangu," akasema.

Jamani, hisa nunueni, sikatazi. Ila paa la nyumba msilitundike mdomoni mwa jaji. Mimi namshukuru Mungu kwa mkwe anayejua kukataa, kila ninapomfunika mjukuu wangu amelala chumbani kwake.