Siku Ambayo Namba Tisa Haikulala

Tak.

Udayanath alikuwa amefumba macho. Kuhani alikuwa akisoma sala kwa sauti ya puani, ubani ulikuwa ukimkwaruza koo, na wenzake wote walikuwa wameketi sakafuni, wamekunja miguu, wamenyamaza. Akadhani amesikia vibaya.

Tak.

Sauti ndogo, kavu, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti nyuma ya ukuta. Miaka kumi na tisa kwenye kiwanda kile ilimfundisha sauti hiyo ni ya nini. Ni swichi ya joto, inayojiwasha na kujizima yenyewe mashine inapopasha silinda yake. Siku yoyote nyingine angeipita kama mtu anavyopita sauti ya pumzi zake. Lakini leo ilikuwa siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Mashine zote kumi na mbili zilikuwa zimeoshwa, zimevishwa mashada ya maua ya rangi ya chungwa, zimetiwa nukta za unga mwekundu kwenye paji. Leo vyombo vinalala. Hata bisibisi haiguswi.

Akafumbua macho. Mbele yake mungu wa udongo alikuwa ameketi juu ya tembo wake mweupe, mikono minne, kila mkono na chombo chake. Miguuni pake palikuwa na sinia la shaba, na ndani ya sinia, katikati ya ndizi na nazi, ufunguo mmoja wenye uzi mwekundu.

Wote walijua ufunguo ule ni wa nini, na wote walijua ni wa nani.

Mwaka huu kiwanda kilikuwa kimeota kama uyoga. Zamani zilikuwa mashine nne, zikitema ndoo na mabeseni. Sasa mabomba ya maji yalikuwa yakipelekwa vijiji vyote, na kila bomba linataka kiungo, na kila kiungo kinataka mashine. Tajiri Hasmukhbhai alinunua nane mpya kwa mpigo mmoja. Halafu akakaa kitako ofisini, ameshika kichwa. "Mashine naipata kwa wiki tatu," alikuwa akisema, "mtu wa kuiendesha namtafuta miezi mitatu, na nikimpata, jirani ananiibia getini." Viwanda vya Vapi, mji wao huku Gujarat, vilikuwa vinanyang'anyana mafundi kama watu wanavyogombania maji ya bomba. Ndipo akatangaza: atateua mkuu wa zamu, naye atapewa chumba cha familia nyuma ya ghala. Chumba chenye jiko lake. Chumba ambacho mtu anaweza kumleta mke wake.

Udayanath alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mke wake, Sebati, alikuwa Ganjam, upande wa pili wa nchi, safari ya treni ya siku mbili. Kila mwaka alikuwa naye siku ishirini. Aliwahi kuzijumlisha siku zile zote, akajuta kwa nini alizijumlisha.

Tak.

Halafu ikaja harufu. Nyembamba, kali, kama dawa ya kusugulia vyoo, ikipenya katikati ya ubani. Akageuka kuutazama ukuta.

"Wewe mzee, umekalia siafu?" Brundaban alinong'ona kando yake. Brundaban alikuwa wa mashine namba tatu, kijana wa Ganjam pia, mdomo wake haukuwa na kufuli. "Tulia, mungu anahesabu vichwa."

"Kuna mashine ina moto."

"Moto ni wa ubani. Fumba macho uombe ukubwa wako, nasi uturuhusu tuombe mshahara."

Safu ya nyuma ikacheka puani.

Udayanath hakucheka. Alikuwa akiirudia jana, hatua kwa hatua. Jana alikuwa na namba tisa, mashine mpya ya viungo vya mabomba. Plastiki ya mabomba ina wivu: haikubali kuachwa kwenye joto. Ukitaka mashine ilale, unaisukuma nje yote kwa plastiki nyingine, ile laini ya mifuko, mpaka silinda isafike. Alikuwa ameshafungua gunia. Ndipo lori la sanamu likafika, saa nzima kabla ya wakati, na ngoma zikalia mlangoni. Mungu akishavuka kizingiti, kazi imekwisha. Hakuna anayemaliza, hakuna anayesema ngoja. Basi akaigusa kona ya chini ya kioo cha kuiamuru mashine, pale panapozima, akakimbia kushika mwamba wa kubebea sanamu, ule wa mbele kulia, nafasi yake ya miaka yote.

Kona ya chini. Lakini wiki iliyopita kioo kile kilibadilishwa mpangilio. Vile vijisanduku kumi na nane vyenye maandishi, alivyokuwa amevikariri kama mtu anavyokariri nyumba za kijiji chake gizani, vilikuwa vimehamishwa.

Akajua alichokigusa. Hakuizima. Aliiambia isubiri zamu ya asubuhi. Na namba tisa, mashine mtiifu, ilikuwa imeamka yenyewe saa mbili kamili kupasha tumbo lililojaa.

Akasimama.

Sala ikakwama kidogo kinywani mwa kuhani, kisha ikaendelea. Brundaban akamshika suruali. "Kaa chini! Umemsahau Pitabas? Alikaza nati moja tu siku kama hii. Nati moja! Kabla ya sikukuu ya Diwali akaacha vidole vitatu kwenye kalibu. Unataka kutuletea balaa sote?"

"Niachie."

"Mzee, ufunguo ule pale! Dakika kumi tu, unakaa, unapewa, unakwenda zako!"

Ilikuwa kweli. Dakika kumi. Na dakika kumi zilizokuwa zimebaki kwa namba tisa zilikuwa hizo hizo. Udayanath akautazama ufunguo na uzi wake mwekundu, akaivuta suruali yake kutoka mkononi mwa Brundaban, akapita katikati ya watu walioketi, akawapa mungu na tajiri mgongo.

Ukumbini mashine zilikuwa zimelala na maua yao shingoni. Namba tisa peke yake ilikuwa macho. Ukungu mweupe ulikuwa ukifuka puani mwake, na maua yaliyoning'inia karibu yalikuwa yameanza kusinyaa.

Nyuma yake zikaja hatua za haraka. Ketaki, mhandisi mpya, binti wa Pune mwenye vyeti viwili, mwanamke pekee kiwandani. Alikuwa amejiziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Madamu, usisimame mbele ya pua yake. Ikitapika, inatapika moto."

"Nazima umeme mkuu!"

"Usizime! Ukizima, iliyoungua itaganda humo ndani kama jiwe, na tindikali yake itaitafuna skrubu inayosukuma plastiki mpaka kesho. Tuitapishe sasa hivi. Fungua dirisha."

"Leo? Kaka Udaya, watu wanasema..."

"Leo."

Alikuwa ameshabeba gunia la jana, akamimina punje nyeupe kwenye faneli. Akairudisha pua nyuma, mbali na kalibu ya kuumbia viungo, kwa mkono, jinsi alivyofanya mara elfu. Kisha akafika kwenye kioo, na kioo kilikuwa kimegeuka chekundu, na katikati yake palikuwa na mistari miwili ya maandishi ambayo hajawahi kuyaona, na chini yake vijisanduku viwili vilivyofanana kama mapacha.

Mkono wake ukabaki hewani.

"Inakuuliza," Ketaki akasema. "Jibu."

"Inauliza nini?"

"Si hayo hapo, mbele yako?"

Mlangoni watu walikuwa wameshajaa. Sala ilikuwa imekatika. Tajiri Hasmukhbhai alisimama mbele yao na nukta mbichi ya unga usoni, Brundaban pembeni yake. Hakuna aliyevuka kizingiti. Udayanath aliyasikia macho yao mgongoni, kama joto la pili.

"Nisomee," alisema.

"Nini?"

"Sijui kusoma, madamu." Akasema kwa sauti ya kutosha, maana akinong'ona angelazimika kurudia. "Kiingereza sijui, Kihindi sijui, hata lugha ya mama yangu sijui. Sijawahi kujua. Nisomee."

Ketaki akasogea, akasimama bega kwa bega naye. "Inasema joto limepita kiasi. Kulia ni kuzima kila kitu. Kushoto ni kuendelea kwa mkono."

"Kushoto."

Skrubu ikaanza kuzunguka, ikanung'unika kama ng'ombe mgonjwa. Udayanath akafumba macho.

"Punguza mwendo."

"Nipunguze mpaka ngapi?"

"Ngapi siijui. Punguza tu, nitakwambia... Bado. Bado... Hapo. Iache hapo."

Puani ukatoka uzi mweusi, ukinuka kama kifo, ukajikunja sakafuni. Ukafuata mwingine, wa rangi ya kahawa. Akaongeza punje. Macho yalimtoka machozi ya tindikali, naye hakuyafuta. Kila skrubu ilipobadili mlio alisema neno, na kila aliposema neno kidole cha Ketaki kilikwenda. Kahawa ikawa chai. Chai ikawa chai ya maziwa. Mwisho ukatoka uzi mweupe, laini, safi kabisa, na sauti ya mashine ikashuka, ikatulia kama mtoto aliyekwisha kulia.

"Sasa zima," akasema.

Ketaki akakohoa, akakohoa tena.

"Nani aliifunga jana?" Tajiri aliuliza kutoka mlangoni.

"Mpangilio wa kioo niliubadilisha mimi," Ketaki akadakia. "Sikuwaambia watu vizuri. Mashine zote ni jukumu langu, kwa hiyo..."

"Mimi niliifunga," alisema Udayanath. "Peke yangu. Niligusa pasipo pake."

Tajiri akatikisa kichwa polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama rundo la nyuzi nyeusi sakafuni, akamtazama mtu aliyeiokoa mashine ya bei ya nyumba, ambaye pia ndiye aliyekaribia kuiua. "Miaka kumi na tisa," akasema. "Ungeniambia, Udaya."

"Ningekwambia ungenipa mashine?"

Tajiri akarudi kwa mungu, wote wakamfuata, sala ikamalizwa. Peremende zikagawiwa. Kisha akauchukua ufunguo kutoka kwenye sinia, akaushika, akaangalia huku na huku kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. "Huu utakaa ofisini mpaka Diwali," akasema. "Mkuu wa zamu lazima akisome kioo. Sina la kufanya. Udaya akikisoma, atakuwa yeye. Asipokisoma, nitampa mwingine." Brundaban akatazama chini, lakini si kabla macho yake hayajaufuata ufunguo.

Mchana wakala wali na dengu uani, wamejipanga mistari miwili. Udayanath alipoketi mwisho wa mstari, aliyekuwa kando yake akakumbuka kitu upande wa pili. Halafu na yule mwingine. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanaogopa vidole vyao tu. Brundaban akaja, akasimama mbali kidogo, sahani mkononi.

"Mzee, kesho tukimpeleka mungu mtoni kumzamisha... mwamba wa mbele kulia nitashika mimi. Wenzako wameomba. Usinichukie."

"Ushike vizuri. Unalalia upande wa ndani pale kwenye ngazi."

Brundaban akainua sahani yake kidogo, kama kuaga. Akaondoka.

Udayanath alibeba sahani yake mpaka nyuma ya ghala, akaketi kwenye ngazi ya chumba kile cha familia. Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani juzi tu, bado unanuka. Kupitia dirishani aliona jiko la saruji, tupu, na msumari mmoja ukutani.

Ketaki alimkuta pale. Naye alikuwa na sahani yake. Naye, Udayanath aligundua kwa mara ya kwanza, hula peke yake kila siku. Hakuketi. Alimpa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Hili ndilo neno la kuzima, la Kiingereza, ulilokuwa unalitafuta jana pale konani. Moja tu." Akageukia upande wa ukumbi. "Nilikaa karibu na ukuta kuliko wewe, kaka. Ile sauti sikuisikia kabisa."

Alipokwenda, Udayanath akaikunjua karatasi. Herufi tatu tu, kubwa, za wino wa buluu. Ya kwanza duara, kama mdomo wa ndoo unaoutazama kutoka juu. Mbili zilizofuata zilifanana: mti mmoja, matawi mawili upande mmoja, kama vibanio. Akazifuata kwa kidole. Akaigeuza karatasi, akazichora tena kwenye vumbi la ngazi, akazifuta, akachora.

Simu ikalia. Sebati hakuwahi kungoja jioni siku ya sikukuu.

"Wamekupa?" Nyuma yake kuku walikuwa wakilia. "Nimeshalifunga jiwe la kusagia kwenye gunia. Mdogo wangu ananicheka, anasema, kwani Gujarat mawe yamekwisha? Nikamwambia la huko halinijui."

Akamweleza yote. Mlio, harufu, kioo chekundu, watu mlangoni. Alipofika pale aliposema kwa sauti kwamba hajui kusoma, akapita upesi, maana Sebati alilijua hilo tangu siku ya harusi na hakuwahi kulitaja hata mara moja.

Kuku wakalia. Mahali fulani huko Ganjam mtu akafunga mlango.

"Basi," alisema Sebati. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomuuma. "Nilifungue lile gunia?"

Udayanath akatazama vumbi chini ya vidole vyake. Duara. Mti. Mti.

"Usilifungue," akasema. "Kesho jioni nikipiga, nitakusomea neno moja. Keshokutwa jingine. Yapo kumi na nane kwenye kile kioo, Sebati. Nitakusomea moja moja, yote, kabla ya Diwali. Usilifungue."