Karatasi Nyeupe Juu

Mama Safi alifika biro, ofisi ya serikali, saa tatu asubuhi, matope hadi magotini, kwa sababu daraja la muto Kalubi ni magogo mawili tu, na moja limeoza tangu mvua za mwaka jana. Nyumbani alimwacha binti yake Safi, tumbo la miezi minane. Tumbo la kwanza Safi alizalia palepale kando ya muto, pikipiki upande huu, sentre ya afya upande ule, na mutoto hakulia. Basi mutu asimwambie Mama Safi kwamba bajeti ni mambo ya wanaume wenye kalamu.

Siku hiyo raia waliitwa kuchagua kazi za bajeti ya mwaka ujao. Mulangoni alikaa Fidèle, sekretere wa biro, na kreti mbili za fanta, mikate, na karatasi ndefu yenye mistari.

"Karibu, Mama Safi! Tia jina, upokee fanta."

"Karatasi hii ni ya nini?"

"Ya waliokuja. Basi."

"Juu yake mbona iko nyeupe?"

Fidèle akacheka. "Aa, mama! Weye umekuja kusoma ama kunywa?"

Sikieni hapo, ninyi wenye kupenda fanta. Mwaka jana Mama Safi alitia jina, akanywa. Wote walitia. Wakalia daraja, daraja, mpaka koo zikakauka, na sekretere akiitika ndiyo, ndiyo. Miezi mitatu baadaye, bajeti ikarudi kutoka Kindu, kwa wakubwa wa jimbo, imekubaliwa: ukuta wa biro na viti vya wageni. Ilikuwa imebanwa pamoja na karatasi ya majina yao, na juu ya majina mutu ameandika kwamba raia wenyewe ndio walioomba ukuta. Jina la Mama Safi lilikuwa la nne, kwa mwandiko wake wa darasa la sita. Chakula kilimshinda siku mbili.

"Leo sitii jina," alisema.

Hidaya, muuza majani ya sombe sokoni, alikuwa tayari ameshika kalamu. "Mama Safi, acha bwana. Fanta itapata moto."

"Hidaya, ule ukuta ulikusaidia kuzaa?"

Hidaya akaweka kalamu chini. Na waliokuwa nyuma yake wakakunja mikono.

Jasho likamtoka Fidèle. Kindu hawapokei bajeti isiyo na majina ya raia, tena wanawake wawemo, na pikipiki ya kupeleka makaratasi Kasongo, ambako mutu wa Kindu huyapokea, ilikuwa inaondoka saa nane.

"Mama, unachelewesha serikali!"

"Serikali imenichelewesha miaka sita kwa daraja hilo."

"Basi nitatafuta wanawake wengine. Kule Lusangi, ng'ambo ya muto, wako wengi."

"Nenda. Lakini utapita Kalubi. Vua kwanza hivyo viatu vyeupe."

Wanawake wakaangua kicheko mpaka polisi wa biro akageuka kando kuficha meno yake.

"Sasa munataka nini?" Fidèle akauliza, sauti imeshuka.

Mama Safi akavuta karatasi. Akaandika pale peupe, kwa herufi kubwa: SISI WENYE MAJINA HAYA TUNAOMBA DARAJA LA KALUBI. UKUTA HAPANA.

"Weye kwanza," akampa kalamu.

"Mimi si raia, ni sekretere."

"Sekretere hakuzaliwa na mama?"

Fidèle akatia sahihi haraka, kama mutu anayegusa sufuria ya moto. Nyuma yake wakaandika wanawake thelathini na mmoja.

Lakini Mama Safi alijua karatasi inaweza kubadilishwa njiani. Saa nane akaichukua mezani bahasha yenye karatasi ile, akaifunga tumboni ndani ya kitenge, akapanda pikipiki nyuma ya dereva.

"Mama, hiyo ni mali ya serikali!" Fidèle akapiga kelele.

"Ndiyo maana ninaisindikiza. Nitaiweka kule Kasongo, mikononi mwa mutu wa Kindu, na nitasimama pale mpaka aisome kwa sauti."

"Na Safi?" Hidaya akauliza polepole.

Mama Safi akahesabu kwa vidole. Kwenda na kurudi ni siku nne, barabara ikikubali.

"Ulale kwake, Hidaya. Maumivu yakimushika, mumubebe nyote, mumuvushe." Akamgusa dereva begani. "Twende, baba."