Seresitina kwa R

Ijumaa asubuhi Zulfa alifungua ofisi ya Ushirika wa Tuinuane, akapangusa vumbi jekundu kwenye kompyuta, akaiwasha, akaenda kuchemsha chai, maana mashine ile ilichukua muda wa chai nzima kuamka. Aliporudi, kioo kilionyesha kile kilima chake kijani chini ya anga la buluu. Kilimani Mzee Matiasi Nkeshimana alikuwa anapalilia maharage.

Mzee Matiasi alifariki masika yaliyopita. Alikuwa karani wa ushirika tangu kompyuta ilipoletwa, na majina yote ya wanachama yaliyomo aliyaandika yeye. Walimzika Bugarama, baada ya matanga akaonekana kilimani. Zulfa, aliyeshika nafasi yake, alisogeza alama za mafaili pembeni zisikalie matuta, kazi ikaendelea. Hakuna aliyeitisha kikao kwa hilo.

Kikao kiliitishwa kwa ajili ya waifai. Makao makuu ya ushirika yaliagiza majina yote yapande kwenye mtandao mpya wenye ulinzi wa kisasa, mwisho Ijumaa hiyo. Asiyepanda si mwanachama, na asiye mwanachama anatoka shambani. Kuyaandika upya kwenye simu walikataza. Yatoke kwenye kompyuta yenyewe, eti kuzuia udanganyifu. Kisanduku cha waifai kikaletwa, kikatundikwa ukutani, kikawaka taa nyekundu. Katika wakubwa wote wale, hakuna hata mmoja aliyeuliza kompyuta iliyopo ni ya lini.

Selestina, mjane wa Matiasi, alikuwa benchini tangu mapema, anamenya mihogo. Shamba lake la Nyantakara ndilo lililomlea yeye na watoto. Fundi Anastazi, aliyetoka Biharamulo mjini, alitoa kichwa chini ya meza.

"Shikamoo, Mama Pancras."

"Marahaba. Imekubali?"

"Bado. Mashine hii inajua makufuli ya zamani tu. Naipa neno la siri, herufi kwa herufi, inasema nimekosea."

"Na umekosea?"

"Sijakosea, mama. Kufuli jipya hailijui. Na walioitengeneza hawaifundishi tena."

"Basi lilegezeni hilo kufuli."

"Makao makuu hawataki. Wanasema wezi watapita."

"Wezi wa nini? Ndizi zangu ziko nje, hazina hata mlango."

Zulfa alichekea kwenye kikombe. Selestina aliweka kisu chini, akakigeukia kioo.

"Baba Pancras, umesikia. Acha jembe, njoo."

"Ego," alijibu Matiasi, ndiyo yake ileile ya Kirundi aliyomwitikia nayo miaka yote. Alishuka kilima, akatokea nyuma ya mashine, mabega yamejaa vumbi la feni. Akashika waya wa kompyuta kwa mkono wa kushoto na kukiwekea kisanduku kiganja cha kulia. Taa ikageuka kijani. Mtandao haukumwuliza neno la siri.

"Mjini huwa tunaweka kifaa cha katikati," alisema Anastazi, akifungasha bisibisi zake. "Huku kinashika mashine kongwe, kule kinalijua kufuli jipya. Mimi sikuja nacho. Lakini hata hivi ni sawa."

Majina yalipita mwilini mwa mzee, naye aliyataja moja moja kwa sauti ndogo. Selestina alilisikia la kwake: Seresitina. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu uchumba, kwa R ya Kirundi, na hivyo ndivyo alivyomwandika. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumwita kwa L.

Majibu yalirudi kabla mihogo haijaisha. Seresitina hafanani na Selestina wa kadi ya kura, kwa hiyo hajulikani, atoke shambani. Mwanachama mwingine, Serestini, naye hajulikani, kwa kuwa kadi yake inasema Celestini. Watu waliovuka mpaka wakikimbia vita, wakalima hadi kupata wajukuu, walifutwa kwa herufi moja au mbili. Mwenyekiti wa ushirika, Bulugu, naye alikuwa ameandikwa Burugu. Yeye alipiga simu moja, wakamsahihisha palepale.

Jina la Matiasi Nkeshimana, lisilo na L wala R, lilipita safi. Mtandao ulimwona yuko hewani, ukamthibitisha na kumpa shamba la mkewe. Zulfa akapiga simu makao makuu.

"Huyo ni marehemu," alisema.

"Mtandao unasema yupo."

"Na mkewe?"

"Hayupo."

"Amekaa hapa mbele yangu, anamenya muhogo."

"Dada, mtandao ni salama. Haukosei." Simu ikakatwa.

Matiasi hajarudi kilimani. Akiachia waya, ofisi nzima inakosa mtandao, na makao makuu wameshamsifu kwa mahudhurio. Maharage yake yamemezwa na magugu. Zulfa anayaona kila akiwasha mashine, na hana jembe la kuingia nalo mle.

Asubuhi Selestina akienda kulima, mlinzi wa makao makuu humzuia kwenye lango jipya, kisha hupiga simu ofisini kumwuliza mwenye shamba kama amruhusu. Zulfa huiweka simu karibu na mdomo wa mzee.

"Ego," husema Matiasi.

Mlinzi hufungua lango. "Haya, pita, mgeni."