Mama Amechelewa

Mtoto alikuwa hajalia tangu asubuhi, na watu kwenye benchi la hospitali walimsifu kwa hilo.

“Mungu kakupa mpole,” alisema bibi mmoja.

Mama mtu, mfua nguo wa majumbani, alimfuta mtoto mate. Mpole gani wa miezi minne asiyeweza kuinua shingo, ulimi nje, sauti ya kukwaruza kama ya mzee? Siku ya tatu baada ya kuzaliwa wauguzi walimtoboa kisigino, wakachukua matone ya damu. Majibu wiki moja, walisema. Alifika mara tano. Mara zote karani alimwambia bila kuinua macho, “Bado. Yakitoka utaitwa.”

Leo aliitwa.

Daktari mkuu, bwana mnene aliyenukia sabuni ya hoteli, alikuwa bado amevaa beji ya semina. Semina yenyewe ilihusu kuwahi matibabu ya watoto wachanga.

“Tezi ya shingo haifanyi kazi. Kazaliwa hivyo,” alisema. “Dawa ipo. Kidonge kimoja kila siku, unakisaga, unampa na maziwa kidogo. Akianza wiki mbili za mwanzo, anakua kama wenzake.”

“Na akianza leo?”

“Mwili utakua. Akili, tutaona. Nyinyi akina mama mnachelewa sana.”

Mama aliiona tarehe kwenye karatasi. Majibu yalitoka mtoto akiwa na siku kumi na moja.

“Mbona ni ya zamani, daktari?”

“Yalikuwa yanasubiri sahihi yangu. Ndio utaratibu.”

“Miezi minne?”

Karani, aliyekaa pembeni ya daktari, alicheka puani. “Mama, daktari ana majukumu.”

Akamsogezea fomu. Alidhani hajui kusoma. Mama akasoma polepole, kwa sauti: “Mzazi alichelewa kufuata majibu.” Akainua uso. “Lakini nilikuja. Wewe mwenyewe ulinirudisha.”

“Kuna mahali pameandikwa?”

Hapakuwapo. Wanaorudishwa hawaandikwi.

“Tia sahihi,” daktari alisema kwa upole wa mtu mwenye njaa, “ndipo dawa itoke.”

Alimtazama mwanawe. Hasira angeweza kuila siku nyingine. Akasaini.

Kwenye dirisha la dawa hapakuonekana mtu. Wahudumu, aliambiwa, walikuwa wamekwenda kupiga picha na wageni wa semina. Akagonga kioo. Akagonga tena, kwa nguvu, hadi mkono wa mtu ukatokea ndani na kufunga pazia.