Mkono Uliosifiwa

...kimeiva au hakijaiva, anauliza mzee tena, koleo mkononi, na mkewe anavuta mivukuto, maana mhunzi huyu mwaka wa sita sasa haoni ila ukungu, siri ya watu wawili, mke hutaja rangi ya chuma, mzee hupiga, wateja husifu mkono, eti mkono, mkono gani usiojua moto umefika wapi... "Umelala, bibi?" Hajalala, anamuwaza muuza nyama, aliyekuja asubuhi na kiganja kimefungwa vitambaa, vidole viwili hana, kisu chao kimevunjika kama kigae akipasua mfupa, akasema taratibu, "Mama, mlinitengenezea kisu au kikombe?", afadhali angetukana... na mzee akalaumu chuma, springi za magari ya siku hizi takataka, akaahidi kingine, ndicho hiki kilichomo motoni. Chuma kina kosa gani, maskini, kikiwa chekundu ni kichanga, kikifika rangi ya chungwa kitoe upesi, kikiwa cheupe umekiua, kinoe king'ae kama kioo, ndani mfu... Aliona vibaya, ndivyo anavyojiambia tangu asubuhi, uzee, moshi... moshi gani, siku ile ya kufua kisu kile palikuwa peupe pe. Jana yake alikuja mwalimu wa chuo na daftari, akauliza uzuri wa kisu hutoka wapi, na mzee, hodari wa maneno ya kuvimba, akajibu, "Uzuri hauongezwi, mwanangu, umo ndani ya chuma, mkono wangu huu ndio unaouona," mwalimu akaandika mkono, akamgeukia yeye mkewe, akamwomba maji ya kunywa. Akampa. Kesho yake chuma cha kisu cha muuza nyama kikapita chungwa, kikawa manjano, kikawa cheupe, naye akahesabu mivuto, mitatu, minne, ndipo akasema toa... alihesabu, basi, aliyekosea hahesabu, alitaka mzee aumbuke, na kisu hakiulizi cha kukata... "We mwanamke, kimeiva?" Kimeiva, chungwa tupu, kizuri hata uchungu kukitazama, neno moja tu, lakini atalitoa kwa kinywa kipi, na muuza nyama atalipokea kwa vidole vipi... Kuungama hawezi, ila chuma kikizidi weupe huungua, hurusha cheche, na cheche zina mlio, hata asiyeona huzisikia, mzee atauliza nani alikuwa anatazama, na ndio utakuwa mwisho wa karakana hii na wa mkono wake... Anauliza tena, kwa upole sasa. Yeye anavuta mivukuto.