Chupa Tatu za Januarius

Felisita hakulia msibani, na waliomsengenya kwa hilo hawakujua alichokitunza moyoni. Mama yake, Kornelia, alikufa akitokwa povu katika makao ya wazee pale Bariadi, na kijiko kilichokuwa kando ya kitanda kilinuka dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu shambani. Harufu ile, nani asiyeijua Usukumani? Lakini Januarius, msimamizi wa makao, alimwambia kwa macho makavu kwamba ni uzee tu.

Uzee! Mpishi wa makao alimpasulia Felisita yote. Tangu ushirika wa wakulima wa pamba uyumbe na biashara kuachiwa kila mwenye mtaji, Januarius alikuwa akinunua dawa ya pamba kwa galoni, akiigawa kwenye chupa za dawa ya kifua alizozibandua lebo, ili awauzie wakulima. Alizifungia katika kabati la dawa za wazee. Ndilo pekee lililokuwa na kufuli, naye aliogopa wezi kuliko kifo cha mtu.

Siku ya kuondoa matanga akaja, suti imenyooka, mkononi mfuko wa sukari. Alikuwa akikohoa.

"Mwadila, mayo," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima. "Pole sana."

Felisita akamkalisha mbele ya wazee wa ukoo na sungusungu, walinzi wa kijiji, kisha akamletea sinia lenye chupa tatu za kahawia alizoziokota kwenye shimo la taka la makao.

"Unakohoa, baba. Chupa zako hizi. Chagua, unywe."

Januarius akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Mwanangu, hazina lebo. Nitajuaje ipi ya kifua, ipi ya pamba?"

Neno la pamba lilikwisha kumtoka, na hakuna aliyekuwa amemtajia. Felisita alisikia furaha chungu, na aliitaka yote.

"Mama yangu alijuaje?"

Januarius akapiga magoti, jasho likimtiririka. Akaomba asinyweshwe. Akakiri habari ya kabati, ya galoni na ya kijiko alichonyweshwa Kornelia kwa kudhaniwa ni dawa ya kifua. Mzee Masele, kamanda wa sungusungu, akatamka kwamba mtu huyu ametengwa: hapewi moto, hauziwi chumvi, hasalimiwi njiani.

Ndipo Felisita akafungua chupa moja, akainywa yote mbele yake. Ilikuwa chai ya rangi, aliyoitia mwenyewe baada ya kuziosha chupa.

"Inuka, baba," akasema. "Nilitaka uogope. Mama hata kuogopa hakupata nafasi."

Januarius akatoka akikohoa, na hakuna aliyemsindikiza.